Kusuka Koili Rejaf: Mkono Unaweza, Lebo Ndiyo Tatizo

Mpelekee fundi simu wa Gumbo, ng'ambo ya Nile katika payam (tarafa) ya Rejaf, sigara ya umeme iliyokufa, naye ataifungua kabla hamjapatana bei. Ndani atakuta betri ya lithiamu, waya mwembamba uliozungushwa kama springi, na kipande cha pamba kilichogeuka cheusi. Vyote anavijua. Waya ule ni ndugu wa koili ya jiko la umeme, na pamba ile inafanya kazi ya utambi wa koroboi. Atakachojiuliza ni hiki: kwa nini kitupwe kitu ambacho mikono yangu inaweza kukifufua?

Swali hilo lina jibu lenye historia. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wavutaji wa nchi nyingi wamekuwa wakisuka koili zao wenyewe na kuzitia pamba mpya, na wako waliofanya kazi hiyo kuwa sanaa. Tunachotaka kupima hapa ni kama ufundi huo unamfaa anayeanza, tena anayeanza mahali kama Rejaf, kusini kidogo mwa Juba, ambako bidhaa nyingi hushuka kwenye lori la barabara ya Nimule zikiwa na maandishi ambayo hakuna wa kuyathibitisha. Nimelizungusha jambo hili pande zote, na naona hivi: kazi ya mkono ni ndogo, alasiri moja inatosha kujifunza. Kazi kubwa ni kujua kama kilichoandikwa kwenye betri, kwenye roli ya waya na kwenye chupa ya juisi (kimiminika kinachogeuzwa mvuke) ni kweli.

Jiko, koroboi na sigara

Sigara ya umeme ni mchezo wa joto. Umeme wa betri unapita kwenye waya wenye ukinzani, waya unapata moto, kimiminika kilicholowesha pamba kinageuka mvuke, na mvutaji anauvuta. Waya wenyewe ni wa zamani kuliko sigara hiyo. Nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu, ilipewa hataza Marekani mwaka 1906 kwa jina la Albert Marsh, ikawezesha majiko na pasi za umeme tunazozijua. Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromu na alumini, ulitoka Sweden kati ya vita viwili vya dunia. Huo ndio waya ambao wanafunzi wengi wa koili huanza nao, kwa kuwa unavumilia moto kwa muda mrefu na ukinzani wake haubadiliki sana unapopata joto.

Utambi nao hauhitaji mwalimu kwa mtu aliyesomea mtihani kwa koroboi. Mafuta hupanda kwenye uzi yenyewe, na utambi ukikosa mafuta huungua wenyewe, ukatoa harufu inayojaza nyumba. Kwenye koili mambo ni yaleyale, ila waya wa moto umeikumbatia pamba. Nafasi ya kukosea ni ndogo mno, na harufu haiendi kwenye paa la nyumba. Inaingia kifuani.

Wazo la kuvuta mvuke badala ya moshi lilipewa hataza Marekani mwaka 1965 kwa jina la Herbert Gilbert, likalala bila kupata soko. Aliyeliamsha ni mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Kifaa chake cha kwanza kilitumia mtetemo wa sauti isiyosikika kurusha kimiminika hewani, na waya wa moto ulikuja kutawala baadaye kwa kuwa ni rahisi na wa bei ndogo. Urahisi huohuo ndio uliomfungulia mlango mtu wa kawaida mwenye koleo na mkasi.

Kwa nini watu walisuka

Sababu ya kwanza ilikuwa pesa. Kichwa cha koili cha kiwandani hudumu siku kadhaa au wiki chache, kisha hutupwa. Koili ya kawaida ya kusuka inakula waya wa sentimita saba na nusu hivi, kwa hiyo roli moja ya mita 10 inatoa koili zaidi ya 130. Mvutaji aliyeijua hesabu hii hakurudi dukani haraka. Sababu ya pili ilikuwa kujitawala: kuchagua ukubwa wa waya, idadi ya mizunguko na joto la mvuke. Ya tatu ilikuwa raha ya fundi, ileile inayomkalisha mtu na redio mbovu hadi usiku.

Kisha soko likageuka. Zilikuja podi ndogo zisizofunguka, na baada yake sigara za kutupwa zenye rangi za peremende, ambazo huja na juisi yake na betri yake, zikiisha zinatupwa pamoja na lithiamu yake. Ubelgiji ilizipiga marufuku kuanzia Januari 2025, Ufaransa ikafuata Februari, na Uingereza tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Kwa hiyo ufundi wa koili umepungua kule ulikokulia, huku vifaa visivyotengenezeka vikisambaa duniani kote.

Anayeanza na atofautishe kwanza aina tatu za vifaa. Cha kutupwa hakina skrubu. Fundi anaweza kukivunja lakini hakikukusudiwa kurudi, na kukilazimisha ni kuchezea betri isiyo na ganda la kuilinda. Kile cha kichwa cha kubadilisha kinaweza kutiwa pamba mpya na mtu mvumilivu, lakini vipimo vyake ni vya kiwanda. Cha tatu ndicho kilichoundwa kwa kazi hii: kina deki, yaani kisahani chenye nguzo mbili za chuma na skrubu za kubana miguu ya waya. Mengine yote ninayoyasema hapa yanahusu hicho cha tatu.

Alasiri moja mezani

Tuseme una Kanthal ya unene wa milimita 0.4, biti ya drili ya milimita 3, koleo, mkasi mkali, bisibisi ndogo na mita ya umeme. Bana ncha ya waya kwa kidole gumba juu ya biti, kisha uzungushe mara sita, kila mzunguko ukiuegemea mwenzake bila kuupanda. Acha miguu miwili iliyonyooka. Ipitishe kwenye nguzo, kaza skrubu, toa biti, kata ncha zilizobaki karibu kabisa na nguzo. Ncha moja ikigusa ukuta wa deki, una shoti kabla hujavuta hata mara moja.

Sasa hesabu. Waya wa aina hiyo una ukinzani wa omu 11 na kitu kwa mita. Mizunguko sita kwenye biti ya milimita 3, ukiongeza miguu, ni milimita 75 hivi, kwa hiyo koili yako inapaswa kusoma kati ya omu 0.8 na 0.9. Ukipata namba iliyo mbali na hiyo, usiwashe. Ama waya si ule ulioandikwa kwenye roli, ama skrubu imelegea, ama mizunguko imegusana vibaya.

Hapa mita ya bei nafuu inamdanganya mwanafunzi. Nyaya zake zenyewe zina ukinzani, mara nyingi omu 0.2 au 0.3, na kwenye kitu kidogo kama koili kosa hilo ni kubwa. Dawa yake mafundi wanaijua: gusanisha ncha mbili za mita kwanza, soma namba, kisha uitoe kwenye kila kipimo. Asiyefanya hivyo anaamini koili yake ni omu 0.4 kumbe ni 0.15, na kosa limeangukia upande wa hatari, kwa sababu ukinzani ukipungua mkondo unaongezeka.

Koili ikipita kipimo, iwashe kwa mipigo mifupi bila pamba. Inapaswa kuwaka nyekundu kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikiwaka upande mmoja au mzunguko mmoja ukang'aa kuliko wenzake, ibane taratibu kwa kibanio cha kauri, uiache ipoe, uwashe tena. Hatua hii hufanywa bila pamba, na haifanywi tena pamba ikishaingia.

Utambi ndio unaowashinda wengi. Sokota kipande cha pamba, chonga ncha yake, uivute ndani ya koili. Inapaswa kupita ikikwaruza kidogo, bila kuusogeza waya. Pamba ikiwa nyingi juisi haipandi, na katikati inaungua. Ikiwa kidogo juisi inavuja, na koili inabaki na sehemu kavu. Kata mikia ili iguse chini ya kisima cha juisi bila kujikunja, lowesha yote mpaka ibadilike rangi, subiri dakika chache, ndipo uvute kwa nguvu ndogo. Pamba ya hospitali iliyosafishwa kwa kemikali haifai. Wengi hutumia pamba isiyopaushwa, na wa zamani waliichemsha kwanza. Na Juba ina somo lake: Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Kwenye joto la namna hiyo gliserini iliyomo kwenye juisi inakuwa nyepesi, na utambi uliokaa vizuri Nairobi utavuja mfukoni mwako Rejaf.

Betri haisamehe

Koili mbaya inakupa kikohozi. Betri mbaya inakupa moto. Kanuni inayotawala hapa ni ya mwanafizikia Mjerumani Georg Ohm: mkondo ni volti gawa kwa ukinzani. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Kwenye koili ya omu 0.8 inatoa ampea 5 na robo, yaani wati 22, kazi ya wastani. Shusha ukinzani hadi 0.2, na betri ileile inaombwa ampea 21 na wati 88. Kwa 0.1 ni ampea 42, na hakuna betri ya kawaida ya ukubwa wa 18650 iliyoundwa kutoa hivyo mfululizo.

Betri za 18650 zimejaa Afrika Mashariki, nyingi zikitoka kwenye kompyuta mpakato zilizokufa. Mafundi huzitoa na kuziweka kwenye tochi, kwenye redio na kwenye benki za umeme. Ni kazi nzuri ya kuokoa vitu, na kwenye tochi haina neno. Lakini nyingi ziliundwa kutoa ampea 5, labda 10, na mzee wa miaka minane hatoi alichotoa ujanani. Betri hiyo ikiwekwa kwenye kifaa cha bomba tupu kisicho na saketi ya kulinda, na juu yake koili ya chini ya omu 0.2, kinachokaa mkononi ni kombora dogo. Huko Florida mwaka 2018, na Texas mwaka 2019, kifaa cha mvutaji kililipuka na mwenye nacho akafa. Matukio hayo ni machache ukilinganisha na idadi ya wavutaji, lakini yanatosha kuonyesha kikomo kiko wapi.

Tena kuna uongo wa wazi. Betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9900 haipo, kwani teknolojia ya leo inakomea karibu na 3600 hadi 4000. Anayeinunua anauziwa lebo. Kwa mwanafunzi, kanuni ni chache: kifaa chenye saketi kinachopima koili na kukataa shoti, betri mpya ya muuzaji anayejulikana, ganda la plastiki lisilochanika, na kasha la kubebea. Betri inayotembea mfukoni pamoja na funguo na sarafu ni shoti inayosubiri nafasi. Kwa anayechaji kwa sola au jenereta, chaja iwe ya lithiamu hasa, na isiachwe peke yake usiku.

Maandishi ya kuaminika

Rejaf ina nafasi katika historia ya maandishi. Aprili 1928 wamisionari na maofisa wa serikali ya kikoloni walikutana hapo kuamua ni lugha zipi za Sudan Kusini zitumike shuleni na ziandikwe namna gani. Bari, Dinka, Nuer, Shilluk, Zande na nyingine zilichaguliwa, na herufi za Kilatini zikashinda za Kiarabu. Mzozo ulihusu nani atasoma nini. Karibu miaka mia moja baadaye, swali la fundi wa Gumbo linafanana na lile: chupa imeandikwa miligramu za nikotini kwa mililita, lakini ni nani aliyezipima?

Umoja wa Ulaya una jibu kisheria. Tangu 2016 umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita, na chupa ya juisi isizidi mililita 10. Anayenunua huko ana mahali pa kushtakia. Anayenunua chupa isiyo na chanzo ana imani tu. Na juisi ndiyo kitu kimoja ambacho mkono wa fundi hauwezi kukipima. Kati ya vimiminika vikuu vya juisi, propilini glikoli huchemka nyuzi 188, gliserini nyuzi 290. Utambi ukikauka joto linapita hapo, na vimiminika hivyo vinavunjika na kutoa vitu kama fomalidehaidi. Lakini juisi yenye kitu kisichotakiwa inaweza kudhuru hata koili ikiwa safi kabisa. Marekani iliona hilo mwaka 2019: hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na uvutaji wa sigara za umeme, vifo vikiwa 68. Mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotumika kuongezea ujazo juisi za bangi za magendo. Hakuna ufundi wa waya ambao ungewaokoa wale watu.

Sheria za majirani

Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule ina kilomita 192, na ng'ambo ya mpaka ni Uganda. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015, iliyoanza kazi Mei 2016, inakataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki na shisha. Ethiopia nayo ilizikataza kwa sheria ya mwaka 2019. Kwa hiyo kifaa kinachopita njia ya kusini kuja Rejaf kimepita katika nchi ambako hakiruhusiwi kuuzwa, na bidhaa ya namna hiyo haitembei na risiti wala dhamana.

Kenya haikuzikataza sigara za umeme. Inazitoza ushuru, na bungeni umejadiliwa muswada wa kurekebisha sheria yake ya tumbaku ya 2007. Shisha ndiyo iliyopata shoka katika nchi nyingine za ukanda huu: Tanzania Julai 2016, Rwanda na Kenya Desemba 2017. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011, ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini kwa miaka mingi baada ya uhuru ilibaki nje ya mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku ulioanza kutumika 2005. Pengo kama hilo linaonekana kama uhuru kwa mnunuzi, kumbe uhuru wake ni wa muuzaji. Mnunuzi amebaki peke yake na lebo.

Nani ajifunze

Tuwe waadilifu kwa pande zote. Tathmini za Cochrane, zinazokusanya majaribio ya kitabibu kutoka nchi nyingi, zimeona kwamba sigara za umeme zenye nikotini huwasaidia zaidi wavutaji kuacha sigara za moshi kuliko viraka na gamu za nikotini. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake lilitoa wito Desemba 2023 wa hatua kali, likihofia watoto na ladha za peremende. Kauli hizo mbili hazigongani ukimuuliza anayeanza: wewe unaanza kutoka wapi? Mzee wa pakiti moja kwa siku anayetaka kushuka ana hoja. Kijana ambaye hajawahi kuvuta, anayevutiwa na springi inayong'aa na wingu kubwa, anajifunza uraibu kwa mlango wa ufundi.

Kwa mwenye hoja, ningempa ushauri wa kiuchumi kuliko wa kishujaa. Aanze na omu 0.8 au zaidi, kifaa chenye saketi, koili moja. Mbinu za omu 0.1 ni za mashindano ya mawingu. Hazimsaidii anayeacha sigara, na zinahitaji betri ambayo Rejaf hakuna wa kuithibitisha. Kama hapati juisi yenye chanzo anachokiamini, ufundi wote uliobaki hauna maana, na viraka au gamu za duka la dawa ni njia bora kwake. Kwa fundi asiyevuta, elimu hii bado ina faida: anayejua kutoa kosa la nyaya za mita na kutambua betri ya mAh 9900 kuwa ya uongo atatengeneza tochi na sola za mtaa mzima bila kuunguza nyumba ya mtu.

Nchi hii ilijua nyuzi na uvutaji kabla ya China kuunda sigara ya umeme. Jumba la makumbusho la Pitt Rivers huko Oxford lina viko vingi vya Sudan Kusini, vya udongo, vya mbao na vya kibuyu. Mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Georg Schweinfurth, aliyezunguka Bahr el Ghazal karibu na 1870, aliwaona watu wa kabila la Bongo wakivuta huku wakiwa na tonge la nyuzi za gome la mti kinywani, la kunasa mafuta machungu ya tumbaku, na tonge hilo lilizunguka pamoja na kiko. Nyuzi zile zilizuia. Nyuzi za leo zinapeleka: kazi ya pamba kwenye koili ni kufikisha kila kilichomo kwenye chupa hadi kwenye moto, na kutoka hapo hadi pafuni.

Kwa hiyo unapotoa utambi wa zamani kwa koleo, usiutupe kabla hujautazama. Katikati, pale waya ulipoukumbatia, umekuwa wa kahawia au mweusi, na juu ya koili kuna ganda la juisi iliyoungua. Kati ya maandishi yote yaliyoletwa na lori la Nimule, hilo ndilo pekee ambalo fundi wa Rejaf anaweza kulisoma kwa macho yake mwenyewe.